Picha ipo, sauti hakuna: uchambuzi wa kisa cha king'amuzi kipya Limbani, Wete

Nyumba iko Limbani, Wete, kisiwani Pemba. Televisheni ni ya inchi 32, mtumba wa Uingereza uliopitia Unguja na kushushwa bandari ya Mkoani, na plagi yake ya pini tatu bapa inaingia soketi za hapa bila adapta. Kwa muda mrefu ilitumika na king'amuzi cha zamani kwa waya wa AV wa rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, na sauti haikuwahi kuleta tabu. King'amuzi hicho kilipokufa kikanunuliwa kipya cha HD, kikafungwa kwa waya wa HDMI uliokuja ndani ya boksi lake. Picha ikatoka safi kuliko ya mwanzo. Sauti, hata chembe.

Kabla fundi hajafika, watu wa nyumbani walishafanya ya kwao. Sauti ya televisheni ilipandishwa mpaka 100 na ya king'amuzi mpaka mwisho. Waya wa HDMI ukabadilishwa, ukawekwa wa jirani. Waya wa dishi ukafunguliwa na kukazwa upya, jambo ambalo halikuwa na nafasi ya kusaidia: mawimbi ya dishi yakipungua, picha hukatika vipande pamoja na sauti yake, hayachagui moja. Kisha kijana wa nyumba akaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi na kugeuza kila alichoona kinahusu sauti. Fundi mmoja aliyeulizwa kwa simu akahukumu kuwa spika za televisheni zimeungua, TV ipelekwe mjini Chake Chake.

Hukumu hiyo ya simu ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Sauti ilipotea siku ileile kilipobadilishwa kifaa na njia ya kukiunganisha, na spika hazingoji king'amuzi kipya kinunuliwe ndipo ziungue. Inawezekana, lakini ni jambo la mwisho kuliwazia, si la kwanza. Kilichokuwa na uzito zaidi ni kule kugeuzageuza kwa kijana, ambako hakuna aliyekutaja kwenye simu.

Waya wa HDMI unabeba nini

Aliyezoea waya wa AV anaijua sauti kuwa ina njia yake. Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Chomoa nyekundu, upande mmoja utanyamaza na picha haitatikisika. Kwa hiyo akiona picha ya HDMI bila sauti, fikra inakwenda moja kwa moja kwenye waya: njia ya sauti imekatika.

Ndani ya HDMI njia hiyo haipo. Kichwa cha waya kina pini 19. Picha hupita kwenye jozi tatu za nyaya, jozi ya nne inabeba mapigo ya kupimia muda, na sauti hupita ndani ya jozi zilezile tatu za picha. Inapakiwa kwenye mapengo yaliyopo kati ya mstari mmoja wa picha na mwengine, na kati ya fremu moja na inayofuata, wakati ambapo skrini haichorwi kitu. Jozi moja ikikatika hupati picha nzima iliyo bubu. Unapata skrini nyeusi, au picha yenye vitone vinavyomemetuka huku sauti nayo ikikatikakatika. Ndiyo maana waya wa jirani haukuleta tofauti, na ndiyo maana waya wa bei ghali zaidi pia usingeleta.

Picha ikiwa safi kabisa na kimya kabisa, basi sababu huwa katika moja ya sehemu tatu. Ama king'amuzi hakipakii sauti hata kidogo, kwa kuwa kimeamini kwamba upande wa pili hakuna wa kuipokea. Ama kinapakia sauti ya aina ambayo televisheni haiwezi kuifungua. Ama sauti inafika, lakini televisheni imeamriwa isiisikilize kutoka pahala hapo. Limbani kulikuwa na mbili kati ya hizi kwa wakati mmoja, moja imeifunika nyengine. Mwenye kutibu moja tu angeondoka akidhani amemaliza.

Televisheni kwanza

Mama mwenye nyumba alimpokea fundi na lalamiko lake tayari. "Mwanangu, picha naiona vizuri, lakini hawa watu mbona wote mabubu?"

Fundi hakugusa king'amuzi. Akauliza, "Bi mkubwa, mna flashi yenye nyimbo humu ndani?"

Ikaletwa yenye taarabu. Kabla ya kuichomeka kwenye tundu la USB, sauti ya televisheni ilishushwa kutoka 100 hadi 15. Hatua hii husahauliwa: mtu akipandisha sauti mpaka mwisho akitafuta kimya kilikotoka, siku sauti ikirudi ghafla spika ndogo za televisheni nyembamba ndizo zinazolipa. Taarabu ikasikika, spika zote mbili, bila mkwaruzo.

Jaribio hilo la dakika mbili limefuta orodha ndefu. Spika ni nzima. Kikuza sauti ndani ya televisheni ni kizima. Kitufe cha kunyamazisha hakijabonywa. Mpangilio unaochagua kati ya spika za ndani na spika za nje uko kwenye za ndani. Kwenye nyumba zenye sabufa, huo huachwa kwenye za nje sabufa ilipoondolewa, na televisheni ikawa bubu kwa kila kitu. Pia limefuta tundu la hedifoni, ambalo kwetu pwani linastahili maneno zaidi kidogo. Ndani ya tundu hilo, kwenye televisheni nyingi, kuna kijibati kinachosukumwa pini inapoingia, na hapo spika za ndani hukatwa. Hewa ya chumvi ikikiozesha, au kikabaki kimesukumwa, televisheni inaamini kuna hedifoni mchana na usiku. Dalili yake ni kimya kwa USB, kwa antena, kwa HDMI, kwa vyote. Kuchomeka pini ya hedifoni na kuichomoa mara kumi hivi huamsha kijibati kwa muda, na kikirudi kulala, tundu libadilishwe. Hapa flashi ilisema, kwa hiyo halikuwa hilo.

Je, king'amuzi chenyewe kina sauti?

Swali la pili lilijibiwa kwa waya wa AV, na hapa kazi ikakwama kidogo kwa sababu isiyohusiana na tatizo lenyewe.

King'amuzi kipya hakina matundu matatu ya rangi. Kina tundu moja dogo la milimita 3.5, na hutaka waya wenye pini moja upande mmoja na rangi tatu upande wa pili. Boksi halikuwa nao. Nyumbani ulikuwepo mmoja uliokuja na kamera ya zamani, ukatumika. Matokeo yakawa skrini tupu na mvumo mzito kwenye spika ya kulia. Mtu angeapa king'amuzi ni kibovu.

Pini hiyo ndogo imegawanywa sehemu nne kwa vipete vyeusi: ncha, pete ya kwanza, pete ya pili, na shina. Nne hizo ni sauti ya kushoto, sauti ya kulia, picha, na ardhi, yaani njia ya kurudia umeme ya zote tatu, lakini watengenezaji hawakukubaliana ipi ikae wapi. Wengine huweka picha kwenye shina, wengine kwenye pete ya kwanza. Waya wa kamera ukiingia king'amuzi chenye mpangilio mwengine, plagi nyekundu hubeba picha na ya njano hubeba sauti. Picha ikipelekwa kwenye spika husikika kama mvumo, kwani mfumo wetu huchora skrini mara 50 kwa sekunde na kasi hiyo sikio linaisikia. Ukisikia mvumo wa aina hiyo huku skrini tupu, usibadilishe kifaa, hamisha plagi. Ya njano ilipowekwa tundu jekundu na nyekundu tundu la njano, picha ikaja na sauti ikaja pande zote mbili.

Kubadilishana plagi hufaa pale tu ardhi ilipo sehemu moja kwenye waya na kwenye kifaa. Ardhi ikiwa imehama, utajaribu michanganyiko yote na kila mmoja utakupa takataka yake, na hapo dawa ni kununua waya ulioandikiwa king'amuzi hicho.

Kwa AV, chaneli zote zilisema. Kumbuka hilo: zote, pamoja na zile za mpira.

HDMI 2 yatoa nusu ya jibu

Sasa inajulikana televisheni inasikika na king'amuzi kinasema. Kilichobaki ni mazungumzo yao kwa HDMI. Vifaa vyote viwili vikazimwa ukutani, waya ukatolewa tundu la HDMI 1 ukaingizwa HDMI 2, vikawashwa. Chaneli ya habari ikasema. Nyumba nzima ikashukuru, na mafundi wengi wangekusanya bisibisi zao hapo. Kijana akageuza kwenye chaneli ya mpira ya HD, kimya. Akarudi kwenye habari, sauti. Tamthilia, sauti. Mpira, kimya. Chaneli nyengine ya HD, kimya.

Hii ni dalili mpya, si mabaki ya ile ya kwanza. HDMI 1 ilikuwa kimya kwa chaneli zote. HDMI 2 ni kimya kwa baadhi. Tatizo moja haliwezi kuwa na tabia mbili kwa kuhamisha tundu tu, kwa hiyo zikatenganishwa, na kila moja ikashughulikiwa peke yake.

Jina lililofunga mlango

Kwanza HDMI 1. Fundi alibonya kitufe cha kuchagua chanzo kwenye rimoti ya televisheni na kusoma orodha taratibu, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa vile kila mtu alikuwa akibonya mpaka picha itokee. HDMI 2 iliandikwa jina lake tupu. Mbele ya HDMI 1 palikuwa na maneno "DVI PC".

Aliyekuwa na televisheni hiyo Uingereza aliitumia kama skrini ya kompyuta. DVI ni kiungo cha kompyuta cha mwaka 1999, kilichotengenezwa kwa ajili ya picha peke yake. HDMI ilipotoka mwaka 2002 ilijengwa juu ya mawimbi yaleyale, ndiyo maana kompyuta ya DVI inaweza kuingia tundu la HDMI kwa waya wa kugeuzia, ikatoa picha bila sauti. Watengenezaji wa televisheni wakatafuta njia ya kuikamilisha: wakateua tundu moja la HDMI lipokee DVI, na nyuma wakaweka tundu dogo la milimita 3.5 la kuingizia sauti ya kompyuta kwa waya wa pembeni. Tundu la HDMI likipewa jina la DVI, televisheni inaacha kusikiliza sauti iliyomo kwenye HDMI na kuisubiri kwenye lile tundu dogo. Pale Limbani tundu dogo lilikuwa na vumbi tu.

Wengi hudhani jina la chanzo ni pambo, kama kuandika jina la mtu kwenye kikombe. Kwenye televisheni nyingi za kizazi hicho jina ni amri. Hubadilisha pahala pa kuchukua sauti, na mara nyengine hubadilisha hata namna picha inavyosafishwa.

Kulitoa ni hivi. Washa king'amuzi, bonya kitufe cha chanzo, simama juu ya HDMI 1 bila kuingia. Tafuta kitufe cha zana au cha menyu kwenye rimoti, kisha mstari ulioandikwa "Edit Name". Orodha ya majina itafunguka. Chagua la king'amuzi, au mstari mtupu usio na jina. Kama rimoti ya asili imepotea na inatumika ya kopi, kitufe cha zana huenda hakipo. Pitia menyu kuu, sehemu ya chanzo au ya kuingiza. Toka, zima televisheni, iwashe tena. Kwenye matundu yaliyoandikwa kwa wino nyuma "HDMI 1/DVI" au "HDMI (DVI)", hapo ndipo pa kuangalia mwanzo. Mengine hayana mpangilio huu hata kidogo.

Waya uliporudishwa HDMI 1, chaneli ya habari ikasema. Ya mpira ikabaki kimya. Sasa matundu yote mawili yana tabia moja, kama ilivyotarajiwa.

Chaneli zinazosema na zisizosema

Sauti ya chaneli haiji kwa namna moja. Chaneli nyingi za kawaida hutumwa kwa mfumo wa zamani wa MPEG wa pande mbili, kushoto na kulia. Baadhi ya chaneli za HD, za mpira na filamu hasa, hutumwa kwa Dolby Digital, ambao unaweza kubeba spika tano na sabufa. King'amuzi kina njia mbili za kuushughulikia. Kinaweza kuifungua Dolby chenyewe, kikaikunja iwe pande mbili, na kuitoa kama PCM, yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa. Au kinaweza kuipitisha ilivyo, ikiwa bado imefungwa, kwa matumaini kwamba upande wa pili kuna mashine ya kuifungua.

Kila televisheni ya HDMI yenye spika inalazimika kupokea PCM ya pande mbili. Hilo limo kwenye kanuni za HDMI zenyewe. Kufungua Dolby si lazima, ni hiari ya mtengenezaji. Televisheni isiyo na uwezo huo ikiletewa Dolby iliyofungwa, haitoi mkwaruzo wala onyo. Inanyamaza.

Hapa ndipo alipoingia kijana. King'amuzi kikitoka boksini mara nyingi huwa kwenye hali ya kujichagulia. Ndani ya televisheni kuna kumbukumbu ndogo, kwa kawaida ya baiti 256, inayotaja ukubwa wa picha na aina za sauti inazozikubali. King'amuzi huisoma mara tu waya unapochomekwa na kupanga sauti yake kwa mujibu wake. Kijana alipokuwa akitafuta sauti iliyozuiwa na jina la HDMI 1, aligeuza mstari wa sauti ya kidijitali kutoka kujichagulia kwenda Dolby Digital. Haikusaidia, wala hakuirudisha, na hakukuwa na njia ya yeye kujua kwamba ameongeza tatizo la pili, kwa sababu kimya ni kimya. Sauti ya AV haikuguswa na mpangilio huo kwa vile king'amuzi hulazimika kuifungua Dolby chenyewe kabla ya kuitoa kwa waya wa rangi. Ndiyo maana mpira ulisema kwa AV na kunyamaza kwa HDMI.

Ipo njia ya kuthibitisha bila kuingia kwenye menyu. Simama kwenye chaneli yenye sauti, bonya kupunguza sauti kwa rimoti ya king'amuzi, na sauti itashuka. Dolby iliyofungwa haiwezi kupunguzwa na king'amuzi, kwa hiyo ukiwa na sabufa inayoifungua, utaona mstari wa sauti unashuka kwenye skrini na masikioni hakuna kilichobadilika. Hapo umeshajua kinachopita kwenye waya.

Marekebisho: rimoti ya king'amuzi, menyu, mipangilio, sauti. Mstari wenyewe huitwa kwa majina tofauti kulingana na king'amuzi, na machaguo yake huandikwa "PCM", "Stereo", "Auto", "Dolby Digital", "Bitstream" au "RAW". Kwa televisheni isiyo na sabufa ya Dolby, weka "PCM" au "Stereo". Usiweke "Auto" kwenye televisheni ya mtumba ukatarajia mambo yatakwenda wenyewe. Kusoma kumbukumbu kukikosewa mara moja, baada ya umeme kukatika kwa mfano, kimya kinaweza kurudi. Hifadhi, toka, geuza chaneli na urudi. Baadhi ya ving'amuzi havibadilishi sauti mpaka chaneli ifunguliwe upya.

Mpira ukasema. Mama mwenye nyumba akauliza mbona sauti ya mpira iko chini kuliko ya habari, na swali hilo lina haki yake. Sauti ya Dolby hubeba alama inayoambia kifaa kiwango cha mazungumzo, na kifaa hushusha kila kitu ili kuacha nafasi ya vishindo. Chaneli za MPEG hazina alama hiyo, kwa hiyo hupiga kelele. Baadhi ya ving'amuzi vina mpangilio wa kusawazisha, wengi hawautumii. Kwa nyumba hii ilitosha kuacha sauti ya king'amuzi karibu na juu kabisa na kutumia rimoti ya televisheni kwa kupandisha na kushusha.

Chumvi kwenye tundu

Limbani haiko mbali na ghuba, na tundu la HDMI 1 lilikuwa na ukijani hafifu ukingoni. Halikuwa chanzo cha tatizo, kwa vile sauti ilipita humohumo baada ya kubadilishwa jina. Lakini lingeweza kuwa, na huu ndio ule uwezekano wa kwanza kati ya vitatu ambao haukujitokeza hapa.

Kati ya pini 19, nambari 15 na 16 ndizo king'amuzi hutumia kusoma ile kumbukumbu ya televisheni. Nambari 18 hupeleka volti 5 za kuiamsha, na 19 humwambia king'amuzi kuwa televisheni ipo. Kutu ikikata 15 au 16 huku jozi za picha zikiwa nzima, king'amuzi hakiwezi kusoma kitu. Baadhi ya ving'amuzi hapo hukataa kutoa picha. Vyengine hudhani vimeunganishwa na skrini ya DVI, vikatoa picha peke yake bila kupakia sauti. Dalili ni picha safi na kimya kwa chaneli zote, tena hata king'amuzi kikiwekwa PCM na jina la tundu likiwa sahihi, na mara nyingi picha hubaki kwenye ukubwa mdogo king'amuzi kinapokataa kuonyesha machaguo ya 1080. Tundu jengine la televisheni ileile likileta sauti, umeshapata mkosaji.

Kusafisha hufanywa vifaa vikiwa vimechomolewa ukutani, si kuzimwa kwa rimoti. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mswaki laini wa mtoto, mikwaruzo mifupi kwa upande mmoja ndani ya tundu na juu ya kichwa cha waya. Subiri nusu saa ikauke, wakati wa masika hata saa nzima. Usitumie sindano kukwangua. Pini ni nyembamba na zikigusana volti 5 zinaweza kuelekea zisikotakiwa. Mafuta ya taa huacha utando unaokusanya vumbi. Tundu lililolegea, ambalo waya ukiguswa picha hupotea, halisafishwi bali huchomelewa upya.

Umeme na kuchomekachomeka

Jirani aliyeleta waya wake aliuchomeka vifaa vikiwa vinawaka. Vifaa vingi vya king'amuzi vina adapta ya pini mbili isiyo na waya wa ardhi, na ndani yake kuna kapasita inayovujisha kiasi kidogo cha umeme kwenye bodi. Ukipima kati ya kichwa cha HDMI ambacho hakijachomekwa na ardhi, mita inaweza kusoma karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, husikika kama mtekenyo kwenye kidole, lakini pini 15 na 16 zikigusa kabla ganda la nje halijagusa, chipu ya HDMI inaweza kufa hapohapo. Dishi lililofungwa juu ya paa la bati huongeza tofauti hiyo. Kwa hiyo zima zote mbili ukutani, chomoa waya wa dishi kwanza na uurudishe mwisho. Mvua ya radi ikikaribia, waya wa dishi utolewe kabisa kabla radi hazijaanza. Stabilaiza hailindi upande huo.

Dalili zinazofanana ambazo hazikuwepo hapa

Kimya kwenye chaneli moja tu huwa ni lugha. Chaneli za Kiarabu na za filamu hubeba njia mbili au tatu za sauti, na king'amuzi kilichoambiwa kuchagua lugha isiyokuwepo kinaweza kufungua njia tupu. Bonya kitufe cha sauti au lugha na upitie zote. Hapohapo kuna chaguo la kushoto, kulia na pande mbili. Chaneli inayotuma sauti upande mmoja huwa bubu ukiwa umechagua mwengine.

Televisheni zenye sabufa iliyofungwa kwa tundu la HDMI lenye maandishi "ARC", yaani linalotoa sauti ya televisheni kwenda kwenye sabufa, zina kesi yao. Sabufa ikizimwa, televisheni nyengine hazirudi kwenye spika za ndani zenyewe.

Kilichoachwa pale ni HDMI 1 isiyo na jina, king'amuzi kwenye PCM, sauti ya king'amuzi karibu na juu, waya wa jirani umerudi kwa mwenyewe. King'amuzi kikishusha programu mpya kwa dishi au kikirudishwa mipangilio ya kiwandani, PCM inaweza kufutika peke yake, na dalili itakuwa ileile ya chaneli za mpira kunyamaza na za habari kusema. Basi kijana aanze na mstari wa sauti wa king'amuzi, ageuze huo peke yake, na kabla ya kugeuza aandike ulikuwa umeandikwa nini. Zikinyamaza zote baada ya umeme kurudi, televisheni iwashwe kwanza mpaka itulie, ndipo king'amuzi, kipate kusoma kumbukumbu yake. Ikishindikana, orodha ya vyanzo isomwe tena.